Kibarua Ndiye Aliyeijenga Historia ya Wafanyakazi

Kila Mei Mosi viwanja hujaa fulana mpya na mabango, vyama hupita mbele ya jukwaa kuu, na hotuba inayosubiriwa kwa hamu ni ile ya nyongeza ya mshahara. Anayeisubiri ni mwenye barua ya ajira, mwenye namba ya hifadhi ya jamii, anayelipwa mwisho wa mwezi. Aliyeshusha viti vya sherehe hiyo alfajiri, akapewa ujira wa siku na kuambiwa apite tena kesho huenda pakawa na kazi, hana kundi la kuandamana nalo. Na hao ndio wengi. Nchini Kenya takwimu za serikali zenyewe zinaonyesha kwamba, ukiwaacha wakulima wadogo na wafugaji, zaidi ya watu wanane kati ya kila kumi walio kazini wako katika sekta isiyo rasmi. Tanzania nako wenye ajira rasmi ni wachache. Tumezoea kuwahesabu watu hawa kama abiria waliokwama stendi wakingoja basi la ajira, kana kwamba watakuwa wafanyakazi siku watakayopata mkataba. Historia ya miji yetu ya pwani inatwambia vingine. Tabaka la wafanyakazi la Afrika Mashariki lilizaliwa na kibarua, ushindi wake wa kwanza mkubwa uliletwa na kibarua, na kosa lililofanyika baadaye ni kujenga vyama na sheria zilizomfungia nje.

Chimbuko lake ni la zamani kuliko reli na bandari za kisasa. Katika karne ya 19, huko Unguja na Mombasa, wamiliki wa watumwa waliwatuma watu wao mjini kutafuta kazi za siku: kubeba mizigo, kupakia majahazi, kuchambua karafuu na sandarusi katika maghala ya wafanyabiashara. Ujira ulipopatikana, sehemu kubwa ilikwenda kwa bwana na iliyobaki ikawa ya mtumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria, mwaka 1897 Unguja na Pemba na mwaka 1907 katika pwani ya Kenya, wakoloni na wenye mashamba walitaka waliokombolewa wabaki shambani chini ya mikataba. Wengi walikataa. Walilima vipande vyao vya ardhi, na walipohitaji fedha walikwenda mjini kufanya kazi ya siku moja au mbili, wakalipwa jioni, wakaondoka. Maofisa wa Kiingereza waliuita uvivu. Lakini sheria za mabwana na watumishi za wakati ule zilikuwa zimefanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai, na kwa mtu ambaye jana tu alikuwa mali ya mwenzake, mkataba wa namna hiyo ulifanana mno na kule alikotoka. Kazi ya siku ilikuwa ngao. Kibarua aliichagua kwa sababu ilimpa kitu kimoja ambacho mtumwa hakuwa nacho, yaani haki ya kutokwenda kazini kesho.

Bandari ilipopanuliwa, waajiri nao waligundua kwamba mtindo huo unawafaa. Kilindini, bandari ya Mombasa, ilianza kupata magati ya maji ya kina katika miaka ya 1920. Meli hazikuja kwa mpangilio: wiki hii tano kwa pamoja, wiki ijayo moja. Kampuni za kupakua mizigo zilitaka mamia ya mikono karibu na lango bila kuilipa siku isiyo na meli. Asubuhi watu walikusanyika, serangi, yaani msimamizi, akachagua genge lake, waliobaki wakarudi mitaani. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, wahenga walisema, lakini upwa wa Kilindini uliwalisha wengi mkavu, kwa sababu kodi ya chumba na bei ya unga zilipanda huku ujira ukiwa palepale. Makuli waligoma mwaka 1934. Mwaka 1939, mwezi Julai na Agosti, migomo ilianza kwa wafanyakazi wa idara ya ujenzi ya serikali ikaenea hadi bandarini na kwingineko mjini, na serikali ikaunda tume iliyokwenda kukagua watu walivyokuwa wakilala wakiwa wamesongamana. Waajiri wakalazimika kufikiria posho ya nyumba. Vita vikaja, bei zikapaa tena, na uchunguzi mwingine wa serikali mwaka 1945 chini ya Arthur Phillips ukatambua jambo ambalo watawala hawakupenda kulisikia: mjini palikuwa pakitokea tabaka la watu wanaoishi kwa ujira tu, na ujira huo haukutosha kulea mke na watoto.

Kisha ikafika tarehe 13 Januari 1947. Siku hiyo wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waliacha kazi, na kwa siku 12 mji ulisimama. Walianza watu wa reli na bandari, wakafuatwa na wa mahoteli, wa viwandani, na hata wapishi na watumishi wa majumbani walioyahama majiko ya mabwana zao. Mikutano ilifanyika kwenye uwanja ambao wenyewe waliupa jina la Kiwanja cha Maskini. Hawakugoma kama watu wa kampuni fulani wenye madai ya kampuni fulani. Waligoma kama wakazi wa mji mmoja wenye njaa moja. Mgomo ulitulia pale Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alipokuja kuwasihi warudi kazini kwa ahadi kwamba madai yao yatasikilizwa na baraza la usuluhishi. Baraza hilo liliongozwa na Jaji Ransley Thacker, yuleyule ambaye miaka michache baadaye alimhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Wakati huohuo wagomaji walikuwa wameunda shirikisho lao, African Workers' Federation, na kiongozi wake Chege Kibachia alikuwa karani katika kiwanda cha nguo. Nyongeza ikatoka. Lakini mwezi Agosti Kibachia alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Baringo, na akakaa huko takriban miaka kumi bila kuruhusiwa kurudi kwa watu wake.

Mombasa haikuwa peke yake. Dar es Salaam, makuli wa kazi za siku waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943 na kushindwa, kisha Septemba 1947 wakasimama kwa nguvu mpya na mgomo ukasambaa kufuata reli ya kati kuingia bara. Ushindi wao uliwafanya wawe miongoni mwa wafanyakazi wa mikono waliolipwa vizuri zaidi katika Tanganyika, na ukazaa chama cha makuli ambacho Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa siasa za ukombozi, alipata kuwa katibu wake. Unguja ilifuata Agosti na Septemba 1948, tena mgomo ukianzia bandarini na kuuzoa mji mzima. Na tukitaka kujua kama hili ni jambo la Waswahili pekee, tutazame London mwaka 1889. Huko nako wapakuzi wa meli walikuwa watu wa kuchaguliwa langoni kila asubuhi, na mafundi waliokuwa na vyama vyao imara walidhani kundi hilo haliwezi kujipanga kamwe. Mwezi Agosti wakagoma, wakadai peni sita kwa saa na kwamba mtu akichukuliwa kazini asilipwe chini ya saa nne. Walipata vyote viwili, na kutokana nao vyama vya wafanyakazi wasio na ufundi vikachipuka Uingereza kote.

Kwa nini watu waliodhaniwa kuwa dhaifu kuliko wote ndio walioweza? Jibu liko katika hali yao yenyewe. Mtu anayeajiriwa upya kila asubuhi hatishiki sana na tishio la kufukuzwa. Anayefanya kazi leo kwenye sukari, kesho kwenye saruji, keshokutwa sokoni, anajuana na mji mzima, kwa hiyo malalamiko yake hayaishii kwenye uzio wa kampuni moja. Alikuwa na chumba cha kukodi Majengo au Kisauni ambacho mwajiri hakuwa na mamlaka ya kumtoa. Pengine alikuwa na ndugu wenye shamba pwani au bara, na mama muuza chakula aliyekubali kumwandikia deni. Hapo pana sura ya historia ambayo vitabu vyetu vinaipita haraka. Ujira wa kibarua haukutosha kumlisha, na pengo hilo lilizibwa na wanawake waliopika, waliofua, waliopangisha vyumba na waliouza vitafunwa kwa mkopo. Mgomo wa siku 12 hauwezekani bila sufuria la mtu fulani kuendelea kuchemka. Ukihesabu tabaka la wafanyakazi kwa orodha za mishahara peke yake, humwoni huyo mama, na usipomwona huelewi mgomo ulivyodumu.

Serikali ya kikoloni iliuelewa vizuri. Iliona kwamba hatari ilitokana na mchanganyiko huo wa mji, makuli, wapishi, wachuuzi na wasio na kazi wakiwa sauti moja. Dawa yake ikawa kuutenganisha. Vibarua wa bandari waliandikishwa na kupewa kadi. Waliofanya kazi siku chache mno wakafutwa kwenye daftari. Na kadiri miaka ya 1950 ilivyosonga, waliobaki wakaingizwa katika ajira ya mwezi. Pamoja na hayo ukaja ukarimu wa kiasi. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini Kenya katika sekta binafsi, na robo ya wale wa serikali, walilipwa ujira usiotosha mahitaji ya lazima, na ikapendekeza kwamba mshahara ukokotolewe kwa mtu mwenye familia badala ya mtu anayeishi peke yake. Mwaka 1955 makuli wa Mombasa walipogoma tena, kijana Tom Mboya alikuja kuwasuluhisha na nyongeza ya kama theluthi moja ikapatikana. Haya yalikuwa maendeleo ya kweli, na hakuna haja ya kuyabeza. Mtu aliyekuwa akilala njaa siku isiyo na meli sasa alikuwa na uhakika wa mwisho wa mwezi. Lakini bei yake ni kwamba lango lilifungwa nyuma yake. Aliyekuwa nje ya daftari hakuwa tena mwenzake wa kugoma naye. Alikuwa mtu anayeivizia nafasi yake.

Uhuru ulirithi ukuta huo na kuuimarisha. Tanganyika, baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi kadhaa wa vyama walikamatwa na vyama vyote vikaunganishwa kuwa NUTA, kilichofungamana na chama tawala. Kenya ilipata shirikisho la vyama, COTU, mwaka 1965, nalo likawa karibu sana na Ikulu. Wakosoaji wa mpango huo, Issa Shivji akiwa mmoja wa waliouchambua kwa kina, wameeleza jinsi ulivyowanyang'anya wafanyakazi sauti yao mbele ya serikali. Mimi naongeza jambo moja. Vyama hivyo vilijengwa juu ya makato ya mshahara yanayokatwa na mwajiri na kupelekwa makao makuu. Asiye na mshahara wa mwezi hakuwa na kitu cha kukatwa, kwa hiyo hakuwa na kadi, na asiye na kadi hakuwa na kiongozi wa kumsemea. Mfumo ulionekana kufanya kazi maadamu ajira rasmi ilikuwa ikiongezeka. Kisha yakaja makontena, ambayo yalifanya kazi ya magenge mazima kwa winchi moja. Zikaja sera za marekebisho ya uchumi za miaka ya 1980 na 1990, mashirika yakabinafsishwa, watu wakapunguzwa kazini kwa maelfu. Wanachama wakapukutika, na waliotoka ndani ya ukuta wakajikuta nje pamoja na wale waliowafungia lango.

Leo sura za kibarua ni nyingi. Yuko deiwaka wa daladala anayempokea dereva wa kudumu kwa nusu siku. Yuko kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, apate abiria asipate. Yuko mwanamke anayesimama nje ya kiwanda saa kumi na mbili asubuhi, akachaguliwa kama alivyokuwa akichaguliwa kuli wa Kilindini, safari hii na msimamizi wa wakala wa kuajiri, ili kiwanda kiseme kwamba si mwajiri wake. Sheria haijakaa kimya. Kenya, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, ajira yake inageuka kuwa ya kulipwa kwa mwezi na yeye anapata haki zinazoambatana nayo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeorodhesha aina za mikataba inayoruhusiwa, na kazi maalumu ni mojawapo. Ila haki ya namna hii inadaiwa mahakamani na mtu mmoja mmoja, baada ya kuwa ameshaachishwa, dhidi ya mwajiri mwenye wakili na daftari la mahudhurio analoliandika mwenyewe. Kumpumzisha mtu siku chache kabla ya mwezi kutimia ni njia inayojulikana na kila msimamizi. Sheria imempa kibarua mlango, lakini ufunguo umebaki mikononi mwa yule anayemwajiri.

Kuna hoja kadhaa zinazopinga msimamo huu, na zinastahili kujibiwa. Ya kwanza inasema kwamba wengi wa watu hawa ni wajasiriamali, si wafanyakazi. Mwenye bodaboda ana biashara, mama lishe ana biashara, na kuwaita tabaka la wafanyakazi ni kung'ang'ania nadharia za zamani. Ni kweli kwamba mwenye kibanda chake, anayepanga bei na kuweka faida, yuko katika hali tofauti. Lakini tuulize mambo matatu yanayopimika: nani anamiliki chombo cha kazi, nani anapanga bei, na nani anabeba hasara siku isiyo na kazi. Kijana anayepeleka hesabu hamiliki pikipiki. Anayepokea safari kwa programu ya simu hapangi nauli. Na wote wawili wanabeba hasara peke yao. Tukumbuke kwamba mtumwa wa Unguja aliyetumwa mjini naye alijitafutia kazi mwenyewe, akajadili ujira mwenyewe, na jioni akampelekea bwana fungu lake. Hakuna atakayesema kijana wa leo ni mtumwa, kwa maana anaweza kuirudisha pikipiki na kwenda zake, na tofauti hiyo ni kubwa sana. Hata hivyo mfano huo unatosha kuonyesha kwamba kujitafutia kazi hakumfanyi mtu kuwa mwenye biashara.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu ina ukweli wa kihistoria ndani yake. Inasema kwamba vibarua wenyewe wanaupenda uhuru wa kazi ya siku. Nimekwisha kueleza kwamba waliokombolewa waliichagua, na makuli wa Dar es Salaam mwaka 1950 waliupinga utaratibu mpya wa kuandikishwa hadi zikatokea ghasia na chama chao kikafutwa. Kwa hiyo anayedhani kila kibarua anaota kuwa karani wa kudumu hajasoma historia yake. Lakini uhuru ule ulikuwa na nguzo: shamba, ndugu, chumba cha bei nafuu, mji mdogo ambao watu walijuana. Nguzo hizo zimedhoofika. Kijana wa leo ana deni la pikipiki, ana mkopo wa simu unaoiva kila mwezi, na kijijini ardhi imegawanywa vipande vidogo. Haki ya kutokwenda kazini kesho, ambayo babu yake aliitumia kumbana mwajiri, yeye hana tena uwezo wa kuitumia. Isitoshe, kupenda uhuru wa ratiba hakumaanishi kupenda kuumia bila matibabu wala kuzeeka bila akiba. Anayeunganisha vitu hivyo viwili ni mwajiri, kwa faida yake.

Tena vinaweza kutenganishwa, na mfano upo. Katika jimbo la Maharashtra nchini India, wabebaji wa mizigo, ambao huko nako wanaitwa hamali, walipata sheria yao mwaka 1969. Sheria hiyo haikuwageuza kuwa waajiriwa wa kudumu wa mtu yeyote. Iliunda bodi zenye wawakilishi wa waajiri, wafanyakazi na serikali. Mbebaji anajiandikisha kwenye bodi, mfanyabiashara naye pia, na kila mzigo unapobebwa mfanyabiashara analipa ujira pamoja na tozo ya ziada kwa bodi. Kutokana na tozo hiyo mbebaji anapata likizo, matibabu, bonasi na akiba ya uzeeni, hata kama kwa mwezi mmoja amewafanyia kazi watu 20 tofauti. Mpango huo haukosi walaghai na waajiri wanaoukwepa, lakini umedumu zaidi ya nusu karne. Ulinganishe na juhudi zetu. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya, NSSF, una mpango wa Haba Haba unaomruhusu mtu wa sekta isiyo rasmi kuweka akiba kidogokidogo, kuanzia shilingi 25 kwa siku. Ni jambo jema, ila anayechangia ni mmoja. Aliyefaidi jasho lake halipi chochote. Tumemtambua kibarua kama mweka akiba kabla ya kumtambua kama mfanyakazi.

Hoja ya tatu ni ya wachumi na wenye viwanda: ukiongeza gharama ya kibarua, nafasi zitapungua, na atakayeumia ni yuleyule unayedai kumtetea. Hili haliwezi kupuuzwa, kwa sababu Mombasa lilitokea. Kuandikisha makuli kulipunguza idadi yao na kuwaacha wengine nje. Lakini tuangalie ni kitu gani hasa kilichowatoa. Walitolewa na utaratibu uliogawa haki kwa kadi, na kadi zikawa chache kwa makusudi, kwa kuwa lengo la mtawala lilikuwa kupata kundi dogo tulivu. Haki inayofungamana na kazi yenyewe, kila siku na kila mzigo, haina sababu ya kuwa na lango. Mfanyabiashara hapati nafuu kwa kumwacha mtu huyu na kumchukua yule, kwa maana tozo ni ileile. Na gharama anayoiogopa haizaliwi leo, ipo tayari. Kibarua akivunjika mguu kuna anayelipa: mkewe, nduguye, michango ya mtaa, hospitali ya umma. Swali ni kama aliyekuwa akinufaika na mguu huo atachangia, au ataendelea kuwaachia majirani wa kibarua mzigo huo, ambao nao wengi wao ni vibarua.

Mwisho wapo wasemao kwamba nyakati zimebadilika: zamani palikuwa na lango moja la bandari na watu waliokutana hapo kila asubuhi, leo kila mmoja yuko peke yake na simu yake. Hapa pia historia inatufundisha kutokata tamaa mapema. Wapishi wa majumbani waliogoma Mombasa mwaka 1947 walikuwa wametawanyika kuliko dereva yeyote wa leo, kila mmoja katika jiko lake, chini ya jicho la bwana wake, na bado walitoka. Waliunganishwa na mitaa waliyoishi. Waendesha bodaboda wana vituo vyao na viongozi wa vituo, wana vyama vya kuweka na kukopa, wana mifuko ya kuzikana, wana magrupu ya simu yanayokusanya mamia ya watu kwa dakika chache mwenzao akipata ajali. Huo ndio udongo ambao shirikisho la Kibachia liliota juu yake. Kinachokosekana ni chama kikubwa kilicho tayari kushuka kituoni na kusema: kadi yako hii hapa, ada yako ni ya siku kama ujira wako, na dai lako la kwanza tutalipeleka sisi.

Hapo ndipo wajibu ulipo. COTU na mwenzake wa Tanzania, shirikisho la TUCTA, zinaweza kubadilisha katiba zao ili asiyekatwa mshahara awe mwanachama kamili mwenye kura, badala ya mgeni wa kualikwa siku ya maandamano. Mabunge yetu yanaweza kuanza na sekta moja ambayo haijifichi, upakiaji na upakuaji katika masoko, maghala na stendi za malori, na kuiundia bodi ya tozo kwa majaribio. Kifungu cha 37 na ndugu zake wa Tanzania vinaweza kupewa meno kwa kumtaka mwajiri ndiye athibitishe kwamba kazi ilikuwa ya muda, na kwa kumruhusu mkaguzi wa kazi kudai haki kwa niaba ya kundi zima pasipo kusubiri mtu mmoja ajitose. Hakuna hata moja kati ya haya linalongoja siku ambayo kila kijana atapata ajira ya kudumu. Siku hiyo imesubiriwa tangu kamati ya Carpenter iandike ripoti yake, na wanaoisubiri wanazidi kuongezeka. Kinachohitajika ni kumchukulia kibarua jinsi alivyo sasa, kama walivyojichukulia wenyewe watu 15,000 wa Mombasa, ambao hawakungoja kwanza kupewa jina la wafanyakazi ndipo wadai ujira wa wafanyakazi.